Kaunta Buku ya Madam, na Kijana Aliyeandika Kiingereza cha Shule Kwenye Njia ya Misafara

Wadau, leo mastaa tuwaache wapumzike. Wameshasemwa vya kutosha wiki hii. Leo nataka niwape stori ya kijana mmoja ambaye nusu ya nchi hii haijawahi kumsikia, na mimi mwenyewe nilimjua nikiwa nimeshamaliza shule, tena nilisoma kilomita chache tu kutoka alipowahi kukaa.

Ila ili mnielewe, lazima nianzie kwenye kaunta buku.

Nilisoma Tabora, bweni. Shule siitaji, waliosoma na mimi wataijua tu. Kidato cha tatu tukaletewa mwalimu mpya wa Kiingereza, tulimwita Madam kama wote wanavyoitwa. Wiki ya kwanza hakugusa sarufi. Alituambia kila mtu atafute kaunta buku ya kwaya mbili, na kila siku kabla ya kulala aandike nusu ukurasa kwa Kiingereza kuhusu kitu alichokiona siku hiyo kwa macho yake. Ijumaa mnabadilishana: mwenzako anasoma, anaandika mstari mmoja chini, halafu zote zinakwenda mezani kwa Madam.

Jamani, tulilalamika! Kiingereza chetu kilikuwa cha kukariri. Insha zote zinaanza asubuhi yenye jua, ndege wanaimba, na zinaisha jioni watu wamerudi nyumbani wamechoka lakini wamefurahi. Kuna mwenzetu, mtoto wa Sikonge kabisa, aliandika kuhusu familia yake kuota moto wakati theluji inaanguka nje. Sikonge! Madam alikuwa hakati alama. Alikuwa anaandika swali moja tu kwa wino mwekundu: hii ni Tabora ipi?

Muhula ule tukapelekwa Kwihara, kwenye lile tembe la udongo mwekundu ambalo leo ni makumbusho ya Livingstone. Kwa wasiofika: ni nje kidogo ya mji, njia ya vumbi, miembe ile mikubwa ambayo Tabora imejaa. Tukaangalia, tukapiga picha, tukarudi, jioni tukaandika. Mimi nilikuwa na mistari kumi na miwili na niliipenda kweli. Livingstone alifika na Stanley, Livingstone alikaa hapa, Livingstone aliugua, Livingstone aliendelea na safari. Ukisoma ungedhani yule mzee alitembea Afrika nzima peke yake akiwa na mkongojo.

Ijumaa ile kaunta buku yangu alisoma jamaa aliyekuwa analala kitanda cha juu yangu. Na yeye akaandika mstari wake mmoja, kwa Kiswahili, makusudi. Huo mstari nitaurudia baadaye, msiruke mbele.

Sasa kijana wetu.

Alikuwa Myao. Alikamatwa utumwani akiwa mtoto, Waingereza wakamkomboa, na badala ya kurudishwa kwao akavushwa bahari hadi India, kwenye shule ya wamisionari wa Kianglikana mjini Nashik, upande wa Bombay. Huko watoto wengi waliokombolewa kutoka Afrika Mashariki walifundishwa dini, kazi za mikono na Kiingereza. Akapewa na jina jipya: Jacob Wainwright. Yaani kila kitu alichokuwa nacho ukubwani, kuanzia jina mpaka lugha ya kuandikia, alikabidhiwa darasani.

Mwaka 1872 Livingstone alikuwa amekwama hapo hapo Kwihara. Walifika na Stanley Februari, Stanley akaondoka Machi akimwahidi kumtumia watu kutoka pwani. Mzee akabaki anasubiri miezi mitano. Na alikuwa mwandishi wa kufa na kupona, hilo tumpe. Mwaka mmoja nyuma, akiwa Nyangwe upande wa Kongo, karatasi zilimwishia, akawa anaandika juu ya gazeti la zamani la London, anakatiza maandishi yake juu ya maandishi ya gazeti, kwa wino aliojitengenezea kwa rangi ya mbegu. Juzi juzi tu wataalamu wameweza kuyasoma vizuri kwa kamera maalumu. Mimi nikiishiwa bando siku mbili nasema siwezi kufanya kazi.

Tarehe 14 Agosti 1872 watu wa Stanley wakafika Unyanyembe, hamsini na kitu. Ndani yao kulikuwa na vijana kadhaa wa Nashik, na Jacob mmoja wao. Tarehe 25 wakaondoka na mzee kuelekea kusini. Miezi minane baadaye, mwanzoni mwa Mei 1873, Livingstone akafariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia.

Hapa ndipo Kiingereza cha shule kilipoanza kupewa kazi za kweli. Viongozi wa msafara walikuwa Susi na Chuma, watu waliokuwa na Livingstone kwa miaka. Wenye akili sana hao. Jambo la kwanza walilofanya ni kuwakusanya wote, kufungua masanduku ya marehemu hadharani na kumwambia Jacob aandike orodha ya kila kilichomo. Fikiria wenyewe: Waafrika wanafika pwani na mizigo ya Mzungu aliyekufa porini, bila karatasi. Nani atawaamini? Ile orodha ilikuwa kinga yao wote. Hakuna mtihani wa taifa uliowahi kuwa na uzito huo.

Kazi ya pili: wakamkausha mzee kwa chumvi na jua, moyo na matumbo wakauzika chini ya mti, na Jacob akasoma ibada ya maziko. Kisha akachonga kwenye gome la mti ule. Aliandika jina la Livingstone, tarehe 4 Mei 1873 na majina ya viongozi watatu wa msafara. Kipande kile cha mti kiko London mpaka leo. Jina la aliyechonga halipo.

Halafu wakambeba. Si mchezo, wadau. Kutoka Zambia ile hadi baharini ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia sita kwa miguu, na maiti begani, wanaume na wanawake, katika nchi ambazo watu wengi hawakutaka kabisa maiti ya mgeni ipite kwao. Walitumia karibu miezi tisa. Njiani walikufa wengine ambao hakuna aliyewachongea mti.

Walipokaribia Tabora wakasikia kwamba Unyanyembe kuna Wazungu, na kwamba mtoto wa Livingstone yuko nao. Jacob akapewa kazi ya tatu: andika barua kwa huyo mtoto, umwambie baba yake amefariki. Chuma akatangulia nayo. Ile barua ikafika Kwihara tarehe 20 Oktoba 1873, kwenye meza ya Luteni Cameron, kwa sababu mtoto hakuwepo. Cameron alikuwa na homa na macho yanamuuma, haoni vizuri. Ameeleza mwenyewe kwenye kitabu chake kwamba aliisoma, hakuelewa, akamchukulia mwenzake Dillon, naye ana homa vilevile, wakaisoma pamoja, na wote wawili walikuwa wanajiuliza kama baba zao wenyewe ndio wamekufa. Ilibidi Chuma aitwe aeleze kwa mdomo.

Nimeifikiria sana hiyo picha. Kijana ameandika Kiingereza chake safi, herufi zimenyooka kama alivyofundishwa Nashik. Wenye lugha wanaipokea halafu hawaelewi, na anayewaokoa ni Chuma na maelezo yake ya mdomo.

Cameron akawashauri wamzike mzee hapo hapo Tabora, yaishe. Wakakataa. Walikuwa wameshaamua, na huyo luteni hakuwa bosi wao. Wakaendelea na njia kuu ya misafara kuelekea Bagamoyo, ile ambayo reli ya kati imeifuata kwa sehemu kubwa. Walipofika Kasekera, mashariki ya Tabora, wenyeji wakakataa maiti isipite. Unajua walichofanya? Wakatangaza kwamba sawa, wameshindwa, wanairudisha Unyanyembe ikazikwe. Wakafunga mabua ya mtama kwenye nguo vizuri kama maiti, watu wakajitwisha, wakaondoka nayo kwa huzuni zote. Walipofika porini wakayatupa mabua, kila mtu akarudi kivyake. Maiti yenyewe ilikuwa imeshafungwa upya kama robota la nguo, imekaa pembeni na mizigo mingine. Hiyo ni filamu tayari, sijui watu wetu wa Bongo Movie wanasubiri nini.

Bagamoyo walifika Februari 1874. Wakakabidhi maiti kwa maofisa wa Uingereza, wakalipwa mishahara yao, wakaambiwa asanteni. Susi na Chuma wakaachwa. Jacob peke yake akalipiwa nauli na wamisionari, akasafiri na jeneza hadi Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa wanaume wanane walioshika jeneza Westminster Abbey, bega kwa bega na Stanley. Kwa nini yeye? Alikuwa na msafara kwa mwaka mmoja na nusu tu, Susi na Chuma walikuwa na miaka. Kilichomtofautisha ni kwamba alikuwa mtoto wa shule. Aliweza kusimama mbele ya watu wa kanisa akazungumza kwa lugha yao. Susi na Chuma walikuja kupelekwa baadaye, mazishi yameshakwisha, ili wamsaidie mhariri kupanga vitabu vya marehemu. Baadaye Waingereza wakatengeneza medali 60 kwa ajili ya msafara mzima. Wengi hawakuzipata, walikuwa wameshatawanyika.

Na Jacob alikuwa na daftari. Kuanzia Chitambo hadi pwani aliandika safari nzima kwa Kiingereza. Lilichapishwa 1874 hiyo hiyo, ila kwa Kijerumani, kwenye jarida la jiografia la Ujerumani. Kiingereza chake mwenyewe kilikaa kwenye makumbusho huko Blantyre, Scotland, mpaka miaka ya karibuni tu kilipowekwa kwenye intaneti kikasomwa bure.

Nilipojua hilo nilikaa usiku mzima kulisoma. Nilitaka kumsikia mwenzangu. Nitasema ukweli, msinipige mawe: niliumia. Lugha ni ya darasani, imepigwa pasi, imenyooshwa, na katika sehemu kadhaa anawazungumzia Waafrika wenzake waliopita kwenye vijiji vyao kama vile anawaangalia kutoka dirishani. Washenzi, waoga, unaona kabisa jicho lile si lake. Au tuseme ni lake, alipewa pamoja na jina. Ndipo nikaikumbuka theluji ya Sikonge. Mtu ukifundishwa kuandika kwa vitabu vya watu wa mbali unaweza kusimama chini ya mwembe wa Kwihara na usiuone.

Na kuna jambo linalonikera zaidi. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mkubwa huko huko Tabora na yeye mwenyewe alitajirika kwa pembe na watumwa, naye aliandika maisha yake uzeeni baada ya Mjerumani mmoja, Brode, kumwomba. Nayo ilikuwa kazi ya kuagizwa, kama ya Madam. Lakini yeye aliandika Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Ukikisoma kitabu kile unamsikia anajisifu, anadanganya watu, anawacheka waliodanganyika. Ni hai mpaka unaogopa. Kwa hiyo mfanyabiashara ya watumwa ametuachia sauti yake nzima, na mtoto aliyeponea utumwani ametuachia sauti iliyovaa tai. Sijui mnalichukuliaje hilo. Mimi huwa linaninyima usingizi.

Lakini pia tusimuonee. Aliyekuwa anasoma daftari lake alikuwa nani? Wamisionari, wanajiografia, watu walioshika nauli yake. Na sisi tuliokuwa na kaunta buku tulijua kabisa maana ya kuandika huku unajua meza itakayofikia.

Yule jamaa wa kitanda cha juu ndiye pekee darasani aliyemwelewa Madam haraka. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko cha wote, vitenzi vinakwenda vinapotaka, lakini alikuwa anaona. Aliandika kuhusu mlinzi wa geti anayelala na redio kifuani. Aliandika kuhusu treni iliyochelewa na akina mama wanaouza asali stesheni. Halafu siku moja akaandika kuhusu maharage. Kwamba yana wadudu, kwamba alihesabu kwenye sahani yake wakafika kumi na moja, kwamba mpishi alisema ni nyama ya bure. Nusu ukurasa tu. Tulicheka mpaka machozi.

Sijui lilivukaje kutoka mezani kwa Madam, ila Jumatatu kaunta buku ile ilikuwa ofisini. Jamaa akaitwa. Akarudishwa nyumbani wiki mbili kwa kosa la kuchafua jina la shule, akaambiwa aje na mzazi. Baba yake alikuwa mkulima wa tumbaku, msimu wa kazi, alikuja kwa lori. Madam alijaribu kumtetea, tulimsikia kupitia dirishani, na muhula uliofuata hakuwepo. Jamaa aliporudi aliendelea kuandika kama sheria ilivyotaka. Kila siku nusu ukurasa. Asubuhi yenye jua, ndege wanaimba. Alimaliza na alama nzuri tu.

Nikisema hivi watu huwa wananiambia, aah, shule za serikali, shule za dini, lugha ya mkoloni, tuache Kiingereza. Sio hoja yangu. Tabora hiyo hiyo ina kijana mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alitoka Butiama akaingia Tabora School, shule iliyojengwa mwanzo kwa ajili ya watoto wa machifu, akajifunza kubishana kwa Kiingereza kwenye mdahalo. Alipofika Makerere akaandika insha kuhusu uhuru wa wanawake, akachukua hoja za Mwingereza John Stuart Mill akazipima kwa maisha ya wanawake wa kwao, waliokuwa wanalima na kubeba mizigo wakati wanaume wanaamua. Hapo sasa! Alitumia kitabu cha mbali kuangalia shamba la mama yake. Akarudi Tabora kufundisha St. Mary's, akaenda Edinburgh, mengine mnayajua. Mnachosahau ni kwamba 1963, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar, Shakespeare kwa Kiswahili. Kiingereza alichobebeshwa Tabora alikirudisha kimevaa kanzu. Nadhani Mwalimu alibahatika pia kwamba hakuna aliyempeleka ofisini kwa ajili ya maharage, au kama walimpeleka, hakuacha.

Jacob hakubahatika hivyo. Baada ya Uingereza alizungushwa kwenye mikutano ya kanisa, akarudi Afrika Mashariki, akafanya kazi hapa na pale, pwani, akafika hadi Buganda. Mwisho akaangukia Urambo, kwenye kituo cha wamisionari, nchi ya marehemu Mirambo. Akafia hapo 1892. Urambo, wadau! Ni hapo tu magharibi mwa Tabora mjini, watu wanakwenda na kurudi siku hiyo hiyo na magunia ya karanga. Mtu aliyeshika jeneza Westminster Abbey. Tulikuwa na wanafunzi watatu wa Urambo darasani na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia jina lake, wala Madam hakulitaja, nadhani naye hakuwa analijua.

Haya, ule mstari. Kaunta buku yangu bado ninayo, iko kwa mama, chini ya kitanda na vyeti vyangu. Mwaka jana niliifungua. Mistari yangu kumi na miwili kuhusu Livingstone ipo, wino umeanza kufifia. Chini yake, kwa mwandiko ule uliolala wa jamaa, pameandikwa: "Sasa alikuwa anapikiwa na nani?" Madam ameuzungushia duara jekundu, halafu pembeni ameweka alama ya vema, kubwa, kuliko zote kwenye daftari lile.

Nilimpigia simu. Yuko Kahama siku hizi, ana duka la spea za pikipiki. Nikamwambia nimepata jibu la swali lake. Alikuwa anaitwa Halima. Alikuwa mpishi wa Livingstone pale pale Kwihara mwaka 1872, siku moja akagombana na mwanamke mwenzake akatoroka, mzee akahangaika kuandika barua wamtafute, akarudi mwenyewe. Livingstone akaandika kwamba atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba na bustani Zanzibar wakifika. Hawakufika pamoja. Halima alitembea na ile maiti mpaka baharini.

Jamaa akanyamaza kidogo, nikasikia mtu anaulizia tairi huko dukani. Akamhudumia. Halafu akarudi kwenye simu akaniuliza, "Na nyumba je, alipewa?"